Ochwo Mkubwa, Ochwo Mdogo

Jumapili, 8 Juni

Ametapika uji kwenye jezi. Sasa hivi tu. Nimemvua, nimemfuta kwa kanga, akanicheka. Ana meno manne na anacheka kama mtu aliyefunga bao.

Jezi yenyewe ya kijani. Niliikata kutoka yangu ya zamani nikamshonea kwa mkono. Mgongoni OCHWO kwa uzi mweupe, chini yake tisa. Tisa imeanza kulala upande.

Msimu umekwisha jana. Kambare hatujashuka daraja! Kona, kichwa cha Ochwo, mshambuliaji wetu, wavu. Nilipiga kelele mpaka mtoto mgongoni akaamka analia. Mama mmoja akanimwagia soda kwa furaha, wala sikukasirika.

Lakini tumeponea chupuchupu. Msimu mzima mtu mmoja ametubeba. Kipa anaogopa mpira, mabeki wanaogopana. Sasa ligi imesimama, huu ndio wakati wa kamati ya timu kutafuta wachezaji. Na kwanza kabisa wamfunge Ochwo asiondoke, maana mkataba wake umekwisha. Nina matumaini. Mimi huwa nayo kila mwaka.

Barasa, baba wa mtoto, ni mtu wa ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya; sisi tuko Uganda. Huko anachomelea mageti, na timu yake ni ya huko, Chiriku, wale wa bluu. Jioni ameingia akiimba, "Kambare kwenye karai, mafuta yamechemka." Nikamwambia hata ukaange Chiriku kumi hawajazi sahani. Akacheka, akala, akalala.

Jumatano, 11 Juni

Kamati wameita wapenzi wote. Tumekaa kwenye madawati ya watoto shuleni, magoti kidevuni. Mwenyekiti akasimama na shati lake la kola ngumu.

"Ndugu zangu, mwaka huu tunajenga. Hatukimbilii majina. Pole pole."

Wachezaji wanne wameachwa. Aliyeingia, hakuna.

Mzee Wabwire, kiongozi wetu wa wapenzi, ndiye anayepiga ngoma uwanjani, akauliza, "Na Ochwo?"

"Tunalitazama."

Tunalitazama! Mimi hata maziwa nikiyatazama tu bila kushusha sufuria yanafurika.

Nimerudi na hasira. Nimepanga mukene wangu, dagaa wa kuuza, juani vibaya, wamelaliana, nimeanza upya.

Jumamosi, 14 Juni

Mvua. Hakuna habari. Mtoto ana jino la tano linakuja, halali. Mimi pia.

Jumanne, 17 Juni

Mama mkwe alikuja. Bado hajanisamehe jina. Mtoto wa Kisamia kuitwa jina la Kipadhola, la kabila la Ochwo mchezaji, ati babu zake wamekosa nini? Yeye hakuwepo siku ile.

Nilikuwa natoka uwanjani na tumbo langu, mvua ikanikuta barabara ya Dabani, uchungu ukaanza hapo hapo. Gari la timu likasimama. Ochwo akashuka akanipa kiti chake cha mbele. Mbele kidogo gari likakwama kwenye tope. Wenzake wakabaki ndani wanapiga simu. Yeye akasukuma, na viatu vya mpira, mpaka tukatoka. Nilipofika zahanati nguo yangu ilikuwa na alama ya mkono wake wa tope begani. Mtoto akazaliwa kabla sijabadilisha.

Sasa ningemwita nani?

Jumapili, 22 Juni

Kamati wamesajili! Nimekimbia mpaka kwenye ubao wa uwanja na mtoto mkononi.

Kipa. Kutoka Lumino. Wa majaribio. Ana mvi.

Nimesimama pale kama mjinga. Wabwire akasema labda ni mvi za kurithi.

Nasikia Chiriku wamekwenda Nabuyoga, kwa kina Ochwo. Nimemuuliza Barasa. Anasema hajui. Anajua.

Jumatano, 25 Juni

Nimemwambia Wabwire: kama kamati hawaendi, twende sisi. Wapenzi. Kitu kizuri kikiwa kwenye nyumba ya watu, kinaombwa. Watu wanatumwa, wanakaa, wanasema. Kwani kuna njia nyingine?

Amekubali. Jumamosi. Nakwenda na mtoto, ili wamwone wajina wa kijana wao.

Jumamosi, 28 Juni

Sijui kama nicheke au nilie.

Tulikwenda kwa pikapu ya samaki. Wabwire na koti la harusi yake, wazee wengine wawili na tai, mimi na gauni langu la gomesi. Kuku, sukari, sabuni ya mche, mkate. Tulinuka mukene mpaka Nabuyoga.

Walitupokea vizuri mno. Viti vikatolewa mpaka vya jirani. Baba yake Ochwo akakaa, mama yake, na shangazi mmoja mwenye sauti. Sisi Kipadhola hatujui, wao Kisamia hawajui, kwa hiyo Kiswahili.

Wabwire akaanza kwa kuzunguka, vile alivyozoea kwenye posa. Kwamba tumepita tukaona boma hili lina ua. Kwamba ua hili limetupendeza. Kwamba tunaomba lisichumwe na wengine, libaki kwetu Busia.

Mama yake Ochwo akainuka haraka akaingia ndani. Nikadhani ni chai.

Akatoka na msichana. Athieno, mdogo wake Ochwo. Amepakwa mafuta, amevaa gauni linalobana, amepiga magoti anatusalimia mmoja mmoja.

Baba yake akakohoa. "Sisi nafurahi sana kuona nyinyi. Lakini huyu mtoto iko shule bado."

Wabwire alitoka jasho hata mimi niliona. "Baba, si msichana. Sisi tunataka kijana."

Hata kuku wetu alinyamaza.

Shangazi: "Kijana? Mnataka kijana ya kufanya nini?"

Nikainuka mimi. Nikaeleza Kambare, mpira, mkataba, nikamgeuza mtoto waone mgongo wa jezi. Athieno ndiye aliyeanza kucheka. Halafu wote. Shangazi alicheka mpaka akashuka kwenye kiti. Wakamchukua mtoto wakampitisha mkono kwa mkono, "Ochwo! Ochwo!", naye anacheka na meno yake yote.

Walitulisha. Ugali wa wimbi, kuku mwingine, wa kwetu hawakumgusa. Wazee wakaenda kwenye chungu cha pombe, kila mtu na mrija wake. Wabwire ilibidi aitwe mara nyingi.

Ochwo mwenyewe hakuwepo. Ameitwa ng'ambo.

Wakati wa kuaga baba yake alinishika mkono. "Mama, wale ya Kenya wamekuja mara mbili. Wamekaa hapo wewe umekaa. Wenu hata simu hapana piga. Mwambie wapige."

Wapige tu simu. Hicho tu.

Jumanne, 1 Julai

Mwenyekiti amesikia habari za posa. Soko zima limesikia. Wauza nyanya wananiuliza harusi lini.

Wabwire ameambiwa asikanyage tena ofisi ya timu. Wapenzi kazi yao ni kushangilia.

Nimekwenda mwenyewe kwenye duka lake la misumari na mabati. Mtoto mgongoni. Nilipanga maneno njia nzima. Nikamwambia, Mheshimiwa, baba yake anaomba upige simu.

Hakunifokea. Ingekuwa rahisi angenifokea. Akampa mtoto kizibo cha chupa achezee, akasema, "Mama Ochwo, unakumbuka kamati ya kabla yetu?"

Nakumbuka. Walileta wachezaji wa majina, wakawaahidi dunia, halafu vijana wa watu wakawa wanalala kwenye darasa, wanakula kwa huruma ya majirani. Mmoja nilimpa mukene mimi mwenyewe. Timu nusura ifutwe.

"Nikimpigia nitamwambia nini? Nimwahidi nisichonacho? Tuvumiliane. Tunajenga."

Nimerudi. Labda ana haki. Hiyo ndiyo inayoniuma. Angekuwa mjinga ningemchukia nikapumua.

Lakini simu ya kusema tu asante, kijana wangu, si ahadi.

Ijumaa, 4 Julai

Hawajapiga.

Nimeomba kanisani. Nimeona aibu kidogo, watu wanaombea wagonjwa na mimi naombea mshambuliaji. Nimeomba hivyo hivyo.

Jumapili, 6 Julai

Barasa ameingia mapema. Hakuimba. Hakusema Kambare wala karai. Amemchukua mtoto, ameosha vyombo. Barasa! Vyombo!

Hapo nikajua.

Nikamuuliza, Ochwo amesaini Chiriku? Akaitika kwa kichwa. Akasema, "Nilitaka aje atufungie sisi, lakini si hivi."

Nimekwenda nje kugeuza samaki ambao walikuwa wameshakauka.

Jumatatu, 7 Julai

Kamati wamebandika kwenye ubao. Wanamshukuru Ochwo na kumtakia mema. Nafasi yake itachukuliwa na vijana wetu wa nyumbani.

Sasa ndiyo mnamshukuru.

Alhamisi, 10 Julai

Amekuja.

Nilikuwa nafua. Nikasikia hodi, nikainua macho, Ochwo amejaa mlangoni, kuku kwapani na mfuko mkononi. "Nimekuja kuona wajina wangu."

Nilitaka kumnunia. Nilijiandaa kabisa. Mtoto akaniharibia, akatambaa mbio akamshika kiatu.

Kuku ni wa mtoto, wa kutaga, si wa kuchinja. Kwenye mfuko, jezi. Ndogo. Mpya, imeshonwa na mashine. Ya bluu. OCHWO, tisa, na tisa yake imesimama wima.

Barasa aliiona macho yakawaka, halafu akajifanya anatafuta kitu chini ya kiti.

Zawadi ya wajina hairudishwi. Kwetu hairudishwi, na kwao hairudishwi. Kuikataa ni kumwambia mtoto hana jina. Nikaipokea kwa mikono miwili. Nikamkaangia mayai.

Alikula ameinama. Mwisho akasema, "Mama, usinikasirikie. Nilisubiri. Kila asubuhi nilikuwa naacha simu kwenye chaji kwa jirani, namwambia ikilia aniite hata kama niko shamba."

Nikamwambia sikukasirikii. Ni kweli. Nimetafuta ndani yangu nani wa kumkasirikia, nimekosa.

Alipoondoka mtoto alilia. Mimi nilisubiri mpaka avuke barabara.

Jumatano, 16 Julai

Ile ya kijani imegoma kichwani. Nimevuta, nimelowesha, nimevuta tena. Mtoto amekua. Doa la uji pia halitoki.

Ya bluu imepita mara moja.

Nimeivua. Nimeikunja. Nimemvalisha fulana ya kawaida.

Jumapili, 20 Julai

Mazoezi ya kwanza. Nimekwenda. Nilisema siendi.

Asubuhi ilikuwa na baridi na fulana zote mbichi. Iliyokauka ni ya bluu peke yake. Nimemvalisha, nikamfunga kanga mpaka shingoni asionekane, kama mwanamke anayevusha sukari ya magendo.

Watu hawakuwa wengi. Wabwire alikuwepo, bila ngoma. Yule kipa wa Lumino mwenye mvi anadaka, lazima niseme ukweli. Anawafokea mabeki kama baba yao na wanasikia. Waliobaki ni vijana wembamba, soksi zinashuka.

Namba tisa wamempa mmoja wa Dabani. Jina lake bado silijui. Alikosa, akakosa, akakosa tena, kila akikosa anashika kichwa kwa mikono miwili kama ameua mtu. Halafu moja ikamkubali, kwa mguu wa kushoto, ikaingia juu kabisa. Nikajikuta napiga makofi. Peke yangu. Kanga ikafunguka, bluu ikatoka yote hadharani.

Nilidhani watanizomea. Mwenyekiti alikuwa kando ya goli. Aliitazama ile jezi, akaitazama, halafu akasema tu, "Karibu, Mama Ochwo."

Wachezaji nao, mmoja mmoja wakipita kunywa maji: "Mama Ochwo, habari?" "Mama Ochwo, umetuletea mukene?"

Nikawa najibu. Ningefanyaje? Nitaitwa hivyo sokoni, kanisani, mpaka nizeeke. Yeye amevuka. Jina limebaki upande huu, linalala kitandani kwangu na kukojoa.

Sijui kama tutabaki kwenye ligi. Naogopa hatutabaki. Kuku ametaga yai la kwanza leo, nimemchemshia mwenye kuku wake.

Nataka niandike kuhusu yule kijana wa Dabani kabla sijasahau, vile alivyosimama baada ya bao, hakukimbia, hakuruka, alitazama tu mguu wake kama wa kuazima. Barasa ananiita huko nje, Mama Ochwo, Mama Ochwo, njoo mbio, mtoto amesimama bila kushika kitu, naja, nilikuwa nasema yule kijana wakimpa muda huenda naye