Kidole cha Igoki wa Dallas

Jumanne, 4 Machi 2025

Leo nimetukanwa mbele ya watu elfu nne. Hao ndio wafuasi wa ukurasa wangu wa Facebook, niliowatafuta mmoja mmoja kwa miaka sita. Saa tatu asubuhi, hata duka sijafagia, nakuta koment chini ya picha ya pete za harusi. Mwanamke anaitwa Igoki, wa Embu, mtaa wa Dallas. Ameweka picha ya kidole chake. Kimefura, na ngozi iliyo kando ya pete imekuwa kijani kama ukuta wa bafu. Ameandika: pete hii mume wangu alinunua kwa Kiende, hapo Kinoru, Meru, mwezi wa Desemba. Tuliambiwa ni dhahabu. Kiende ni mwizi. Msinunue kwake hata hereni.

Mwizi. Hivyo tu, kavu.

Mume namkumbuka vizuri. Misheck, yule ananunua miraa Mikinduri na kupeleka Embu. Aliagiza mwenyewe shaba iliyopakwa dhahabu juu, akasema bibi harusi asijue. Kwani mimi ni nani wa kumwambia? Mteja wangu ni yule amesimama mbele yangu.

Nikamwandikia kwa upole: pole dada, tuongee inboksi. Akajibu palepale, watu wote wakiona: "Sina siri na mwizi."

Haya basi.

Jumatano, 5 Machi

Maharusi wawili wameniacha. Mmoja ni wa Maua, ametuma sauti, anasema mama yake amekataa pete zangu zisiingie kwao. Wa pili hakusema kitu, amenifungia tu namba.

Mzee Mutegi aliniuliza mbona sinywi chai. Huyu ndiye fundi wangu. Anakaa pale dirishani na miwani yake na tochi yake, na hakuna pete imetoka hapa bila kupita mikononi mwake. Nikampa simu aone. Alitazama kile kidole muda mrefu. Akasema huyu mama ana mimba. Vidole vya mimba hufura, na pete ikishashikwa hivyo haitoki tena.

Ni hayo tu aliona! Mimi biashara inazama, yeye anaona mimba.

Lakini asante mzee. Mimi sikuwa nimeiona.

Ijumaa, 7 Machi

Nimezipata meseji za Misheck za Novemba. Zote ziko. Nilikaa nazo kaunta asubuhi yote, nazisoma kama mtu anachambua mchele.

Anasema: nataka ile ya shaba, ipakwe vizuri. Anasema: bibi yangu asijue. Hizo nimezichukua. Zinazofuata nimeziacha. Ya kwanza: ndani gonga 18K, ile chapa ya dhahabu, akiivua siku moja aone. Halafu jibu langu: usijali, hata sonara hatajua. Halafu yake tena: nikipata nitakuja kuibadilisha na ya kweli kabla mwaka mmoja uishe.

Skrinshoti ni kama kitambaa, unakata pale panakukaa.

Nimeiweka saa sita, watu wakiwa kwa lunch na simu mkononi. Juu yake nikaandika: "Dada Igoki, Kiende haibi. Kiende anauza kile mtu ameagiza. Nenda ukamuulize aliyekuvisha." Na kikatuni kimoja cha kucheka. Kimoja tu. Sikutaka kuonekana nina hasira.

Jumapili, 9 Machi

Koment mia tatu na ushee. Nimezisoma kanisani, simu nimeiweka ndani ya Biblia. Sijui mhubiri alihubiri nini.

Wanamwita Mama Bomba, ati amevishwa bomba la maji. Mmoja ameuliza kama mahari ililetwa na mbuzi wa plastiki. Wametafuta picha za harusi yake, wakazileta kwangu — yeye ameinua mkono kuonyesha pete, ametabasamu mpaka ufizi. Wakaichora duara jekundu.

Kuna mwingine alisema wamwache, mwanamke hana kosa hapo. Nikafuta hiyo.

Halafu nikafungua akaunti nyingine, jina la kubuni, picha ya ua. Nikaandika: harusi Desemba, na mimba imeshafurisha vidole? Hesabuni miezi wenyewe. Nikarudi kwa akaunti yangu nikaibandika juu kabisa, mtu akifungua aanze na hiyo.

Chakula cha mchana kiliniingia vizuri. Wiki nzima nilikuwa sili.

Jumatatu, 10 Machi

Watu wanaingia. Wengine hawanunui, wanataka tu kuona ile shaba. Lakini saa nane nilikuwa nimeuza mikufu mitatu na oda ya pete imetoka Nkubu. Wananiambia Kiende, ulimweza.

Igoki amefuta koment yake. Amechelewa, picha ninayo. Halafu akaja inboksi, sasa anajua njia ya inboksi. Ameandika maneno mengi. Ati anafundisha watoto Sunday school, wazazi wamesoma ile ya kuhesabu miezi, kanisa limemwambia apumzike kwanza. Ati mimba ni ya Misheck, wazee wa pande mbili walikuwa wameshaonana. Kwani nimemuuliza? Mwisho ameandika: "Nakuomba, dada yangu. Mimi nimefuta. Futa na wewe."

Nikamjibu: "Sina siri na wewe." Nikaweka barua yake yote ukurasani.

Nilijua ni vibaya wakati kidole kiko juu ya kitufe. Niandike ukweli hapa, kwa kuwa hapa hakuna mtu. Nilijua, na nikabonyeza, na nikasikia utamu.

Alhamisi, 13 Machi

Misheck amekuja. Pikapu ameiacha barabarani, amesimama mlangoni kama mtu amekuja kuomba kazi. Nilidhani atapiga kelele. Hakupiga. Alikaa kwenye stuli ya wateja, kofia mikononi.

Anasema Igoki haongei. Anapika, anaweka chakula mezani, anaondoka. Siku ya nne Misheck akachukua nguo zake, sasa analala kwa binamu yake huko Mikinduri. Halafu akaanza kuniambia habari ya Novemba. Mzigo wake wa miraa ulichelewa njiani ukakauka wote, na kadi za harusi zilikuwa zimeshagawanywa. Akaona aibu kusema. Akajiambia avishe hii, mvua ikinyesha na kazi irudi atabadilisha usiku mmoja tu, mke hatajua kulikuwa na nyingine.

Nikamwambia hadithi nzuri, angempelekea mkewe.

"Nimempelekea," akasema. "Haamini. Lakini wewe nilikuandikia, Kiende. Nilikwambia nitaibadilisha. Mimi meseji zote nilifuta ili asizione. Wewe unazo. Mwonyeshe hiyo moja tu."

Mstari mmoja. Ningempa ingekuwa imeisha. Lakini mstari huo umekaa chini ya ule wangu wa sonara, na ule wa sonara umekaa chini ya 18K. Huwezi kuinua mmoja bila mwingine. Kugonga 18K kwa shaba ni kesi, si maneno ya Facebook.

Nikamwambia na mimi nilifuta.

Alinitazama. Akavaa kofia. Akasema asante, sijui ya nini.

Alipoondoka nikafuta kweli.

Mzee Mutegi alikuwa amesikia yote, duka lenyewe ni hatua tano. Akasema bila kugeuka: "Ile chapa niliigonga mimi." Nikamwambia alilipwa agonge, si akumbuke.

Jumamosi, 15 Machi

Wiki nzuri kuliko zote tangu nifungue. Wafuasi wamekuwa elfu tisa.

Mzee Mutegi siku hizi anakunywa chai yake nje, kwa mwanamke wa ndizi. Wacha anune. Watu wa umri wake hununa kama watoto na hurudi wenyewe.

Jumanne, 18 Machi

Naandika haraka, niko nyuma ya pazia.

Yuko dukani. Igoki mwenyewe. Ametoka Embu asubuhi sana, saa nne alikuwa amefika mlangoni. Ni mdogo kuliko picha. Sweta ya kijivu, tumbo mbele, viatu vya bapa vyenye matope. Nilimtambua kwa mkono. Kidole si kijani tena, ni cha zambarau, kimemeza pete hadi unaona mstari tu.

Akasema: "Wewe ndiye Kiende." Hakuwa anauliza.

Nikamkaribisha, nikamwita dada. Ningefanya nini, kulikuwa na wateja wawili. Akaketi. Akasema hospitali walitaka kuikata jana, damu haipiti vizuri, lakini alikataa. Aliyeiuza ndiye ataikata.

Akatoa simu kwenye mkoba, akaiegemeza kwa kioo cha hereni, ikitazama meza ya fundi. Nikaona namba pembeni. Watu mia moja na kitu wanatazama. Moja kwa moja! Nikamwambia hapa hatukubali simu.

"Wewe ulinionyesha watu bila kuniuliza," akasema. "Mimi nakuuliza. Niizime?"

Sauti yake ni ya chini, lazima umsogelee. Wale wateja wawili walikuwa wamesogea kusikia. Nikasema iache tu, hapa hatuna la kuficha. Nilicheka kidogo. Nilikisikia hicho kicheko, hakikuwa changu.

Nimeifungua kwa simu yangu, sasa wameshafika mia sita. Ni walewale wangu, majina nayajua. Yule wa mbuzi wa plastiki ameandika: Mama Bomba leo anafunguliwa. Mwingine: ikitoka iletwe karibu na kamera.

Mzee Mutegi akauliza kama mkono unauma. Akasema unauma. Mzee akamwambia pole mama, akamletea kiti chake chenye mto, yeye akabaki amesimama. Halafu Igoki akasema, akimwambia yeye, si mimi: "Sijawahi kuiona ndani. Tangu kanisani haijatoka. Misheck ameniambia ikikatwa nisome ndani."

Basi Misheck ameamua kufa na mimi.

Nikasema kwanza tupunguze uvimbe, msumeno usije ukagusa nyama. Hiyo ni kweli, mzee aliitikia kwa kichwa. Nikatoa barafu ya soda, nikajaza bakuli, nikamwambia aloweke mkono dakika kumi na tano. Mimi nikaja huku nyuma kutafuta msumeno mdogo.

Msumeno ninao. Umekaa kwenye daftari hili.

Kuna njia moja. Nikiukata mahali palepale pamegongwa 18K, meno yatakula maandishi. Nikiifumbua na koleo itapindika, ndani patakuwa na mikwaruzo tu, nitaileta karibu na kamera mwenyewe. Lakini sijui pamegongwa upande gani. Mzee ndiye anajua, yeye huanzia sehemu moja kila pete. Kumuuliza kwa sauti siwezi, simu inasikia. Kwa Kimeru pia siwezi. Mtu wa Embu Kimeru anakisikia.

Nikachana kipande cha ukurasa wa mwisho wa daftari. Nikaandika: chapa iko upande gani wa kiungo cha pete? Nikatoka kama nimekuja kuongeza barafu, nikakiweka mkononi mwa mzee. Igoki alikuwa ametazama bakuli. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti, na hakuyapanguza, mkono mmoja uko majini na mwingine umeshika tumbo.

Nikarudi hapa. Pazia nimeliacha wazi kidogo.

Amekisoma. Amekisoma tena. Haniangalii.

Amekikunja mara mbili, amekitia mfuko wa shati, na amefunga kifungo.

Kwa simu ni elfu moja na mia mbili.

Labda atakuja aniambie sikioni. Miaka sita tumekula pamoja. Mtoto wake wa mwisho nimemsomesha mihula miwili. Atakuja.

Ameenda dirishani. Amechukua kile kioo chake cha kukuzia, cha kusomea chapa ndani ya pete, kile hakubali mtu mwingine akiguse. Anakipanguza na shati. Amekiweka mezani kando ya bakuli — upande wa Igoki — na amewasha tochi.

Igoki ananiita. Anasema barafu imeyeyuka.