Kigelegele Kabla ya Bunduki

Sanyuanli, Guangzhou

Mama yangu,

Shikamoo. Najua marahaba umeitikia kwa kununa, lakini si umeitikia? Habari za Singida, na lile goti je? Sisi wazima, biashara inakwenda. Kwa kuwa simu zangu hupokei tangu siku ya mashindano, nimeandika, na barua anakuletea mama Glory aliyekuja huku kununua mzigo wa nguo. Yeye huwezi kumkatia.

Mdogo wangu Rehema ananiambia unalia, eti umemharibia mjukuu wako maisha. Mama, acha hizo! Sikiliza kilichotokea baada ya wewe kukata simu.

Unakumbuka Chidinma alivyoanza, kitoto kinashindana na mikokoteni ya mizigo kwenye korido za jengo letu, walinzi wanafoka, baba yake anacheka, anasema huyu Mnigeria kamili, ataiwakilisha nchi yetu mbioni. Haya, safari hii kocha wa vijana kutoka Lagos alikuja kumwona kwenye mashindano ya shule. Akimpenda, anamchukua kambini. Asipompenda, basi tena. Nami kwa kiherehere changu nikaona bibi lazima awepo. Nikakupigia, nikaunganisha simu na spika, ile sampuli kubwa aliyonipa laoban wangu, bosi wa kiwandani. Sasa nani mwenye kosa hapo? Wasichana wameinama, uwanja kimya kama kanisani, bunduki haijalia, na wewe uko Singida ukaachia kigelegele! Chidinma akachomoka peke yake. Kadi nyekundu, nje ya mita mia.

Ungesubiri kidogo tu! Kocha akashuka uwanjani, mimi nimeshaifunika spika kwa kanga, najua nasemwa. Akamuuliza Chidinma, "Ulikimbilia nini?"

"Nilimsikia bibi yangu. Nikisikia ile sauti, miguu inaondoka yenyewe."

Hakulia hata tone. Kocha akamwangalia, akasema, "Mchana kuna mita mia mbili. Kimbia kama umemsikia."

Mama, mtoto alikimbia! Wa pili anafika, Chidinma ameshageuka ananitafuta. Nililia mpaka kilemba kikadondoka. Kambini anakwenda, mama. Amechukuliwa!

Ila kocha alituachia dawa. Kila jioni Chidinma anainama, mimi nawasha kile kigelegele ulichonirekodia Krismasi, naye hatakiwi kutikisika mpaka baba yake apige makofi, ndiyo bunduki yetu. Mwanzoni alikuwa anachomoka kila mara, tunacheka mpaka majirani wanagonga ukuta. Sasa hatikisiki. Lakini jana kaniambia, "Mama, hicho nimeshakikariri, najua kinapoanza. Lagos watu watapiga kelele wakati wowote. Nataka cha bibi mwenyewe."

Umesikia? Huyo mtoto hana kinyongo na wewe. Anakuhitaji, na wiki ijayo anapanda ndege.

Msalimie Rehema na cherehani yake. Mjomba, mzee wa kanisa, mwambie spika ya kwaya inakuja, ni ileile. Baba Chidinma anasema shikamoo, Kiswahili chake bado kinachechemea.

Jumapili mkitoka ibadani nitapiga. Chidinma atakuwa ameinama mbele yangu, kimya, anakusubiri. Usiseme haloo. Nyamaza kadiri utakavyo, halafu piga kigelegele.

Mwanao,
Mama Chidinma