Kichwa Kilichonitoa Jasho

Chumba Na. 14,
Nyumba ya Wauguzi,
Tarehe 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Hujambo wewe na wote hapo nyumbani? Goti linaendeleaje, au bado unapanda ngazi kwa awamu? Mimi mzima kabisa, na leo nimeshusha pumzi.

Ule utafiti wangu kuhusu akina mama wasiorudi kliniki baada ya kujifungua umekubaliwa na jarida! Nilikuficha jambo moja: ulikuwa umerudishwa mara mbili, na zilibaki wiki tatu tu kabla ya siku ya mwisho ya chuo. Bila makala kukubaliwa, nisingehitimu.

Kilichoniponza ni kichwa cha makala. Kilikuwa mistari minne, kikianza na "Tathmini ya Baadhi ya Mambo Yanayoweza Kuchangia..." Mhariri aliandika kwamba hakuelewa nimegundua nini.

Aliyeniokoa ni karani wetu wa mafaili, yule mcheshi tunayemwita Miwani. Alinikuta nafutafuta maneno, akachungulia.

"Sista, hasa umegundua nini?"

"Mama mwenye kichanga anapanga foleni moja na wagonjwa wote. Akisubiri kwa muda wa saa nne siku moja, harudi tena."

"Si uandike hivyo hivyo! Mbona unajiumauma?"

Nikaandika: "Foleni Ndefu Huwazuia Akina Mama Kurudi Kliniki." Msimamizi wangu wa utafiti alicheka kwa furaha, kisha akagonga kalamu kwenye "Huwazuia". Akaniambia nilihoji watu wa kituo kimoja tu, nisidai zaidi ya nilichokiona. Tukaishia hapa: "Foleni Ndefu na Akina Mama Wasiorudi Kliniki Baada ya Kujifungua: Utafiti wa Kituo Kimoja." Safari hii mhariri alijibu baada ya siku nane. Nililia chooni, Shangazi, nikanawa uso, nikarudi kupima presha za watu.

Juzi nilibandika nakala ubaoni. Matroni, mkuu wetu wa wauguzi, ambaye siku zote hana muda na makaratasi yetu, alisimama akasoma kichwa.

"Kituo kimoja kipi?"

"Hiki chetu, Matroni."

Akageuka, akaenda zake. Nikajua nimejichongea. Kumbe asubuhi yake alimwita fundi seremala, na leo tuna dirisha la pili la mapokezi, la wenye vichanga peke yao.

Nisalimie Babu, mjomba fundi saa na wale mapacha watundu. Mungu akupe afya na goti jepesi.

Nakupenda sana,
Binti yako, Sista.