Nilingoja Maji Yajae Rumonge

Mama, nakushika miguu toka huku Rumonge.

Bado sijavuka kwenda Kongo, kwenye shule ya misheni. Upepo ulituzuia hata nikaogopa watoto watasema mwalimu wao amewadanganya. Leo alfajiri ukatulia. Nikafunga mzigo, nikaketi mchangani kama mtu yeyote wa Bagamoyo, nikingoja maji yajae mtumbwi uelee. Jua likapanda. Maji yakabaki palepale! Wapiga kasia nao wamekaa nyuma yangu, kimya.

Bi Mwajuma, mwenyeji wangu, akaniletea ndagala, dagaa wa huku. "Mwalimu, unangojaka nini?"

"Maji yajae."

Akacheka hadi akashika kiuno. "Maji ya ziwa haiendake pahali, mutoto wangu. Iko hapa tu, tangu wazee."

Kumbe wapiga kasia walikuwa wakiningoja mimi. Walidhani nasali, wakaona haya kunikatiza.

Hebu fikiri, Mama: bahari nzima, ina mawimbi, milima ya Kongo imesimama ng'ambo kama ukuta, maji yake matamu kama ya kisimani, na haijapwa hata mara moja tangu Mungu aiumbe! Nilivua kofia.

Kadi hii namwachia askari wa Mdachi anayekwenda Ujiji. Wananiita mtumbwini. Usikae dirishani ukilia. Wewe hupenda kusema maji yakijaa hupwa. Mimi ni maji ya kwetu, Mama: yakipwa, hujaa.

Mwanao,
Yohana