Mawe Yamo Motoni, Baba Choki

Baba Choki,

Mawe yamo motoni. Yakiwa mekundu, mama yako ayatoe kwa koleo, ayatumbukize kwenye hodhi la mbao, maji yako ya kuoga yapate moto. Majani ya pakanga nimeshatia. Zama mpaka shingoni, maana mgonjwa ni hiyo shingo.

Wali na pilipili zilizopikwa kwa jibini nimefunika jikoni. Pombe usiguse.

Asubuhi nilipokuita uligeuka mwili mzima kama mlango. Nikanyoosha mkono nikukande, ukaruka: "Usiniguse, kesho mashindano! Utaniharibia bahati!" Haya. Mila naijua, mpiga upinde hagusani na mkewe kabla ya mashindano; hata chumbani umenihama. Lakini iliniuma. Mkono wangu haujakuharibia kitu. Wiki nzima nakuona dirishani ukivuta upinde: unaufuata uzi kwa shingo kama kobe. Simama wima, uzi ndio uje usoni kwako.

~~Leo usiende mazoezini.~~ Nenda, najua utaenda tu. Lakini oga kwanza, na mishale iwe michache.

Mimi natangulia kijijini kwetu, kwa hao kaka zangu mtakaoshindana nao. Kesho nitacheza ngoma upande wao na kukuzomea kama wanawake wote wanavyowazomea wapinzani. Tumbo lako nitalitaja, na miguu pia. Usinune.

Ila ukipiga shabaha, nitazame. Geuza shingo tu, mwili uuache hapo hapo. Nikiona hivyo nitakupigia vigelegele mbele ya kaka zangu, na waseme watakavyo.

Mama Choki,
adui yako mpaka kesho jioni