Picha Mpya Kutoka Simu ya Baba

Vumilia,

Maziwa yachemshe mapema yasiharibike. Kompyuta ~~izime, imenichosha~~ usiizime!

Mashine gani hii, kila kitu kimewashwa tangu dukani bila mtu kuulizwa? Eti inavuta yenyewe picha za simu ya baba yako. Nani kaiambia? Asubuhi nikiwa natafuta pa kuizuia, ikaingia mpya. Giza tupu, kidole kimeziba kona, kama anavyopiga siku zote. Imeandikwa leo, saa kumi na moja alfajiri.

Simu aliingia nayo shimoni siku duara la dhahabu lilipotitia. Na sisi Jumamosi tumenyoa nywele, tumeanua matanga bila maiti.

Nimekwenda mgodini Runzewe kuwaambia wafukue tena. Bibi yako asijue bado.

Ikiingia nyingine, nipigie. Chaji isiishe.

Mama yako