Ile Baiskeli Uliyoniachia

Ganjoni, Mombasa
16 Februari, 2025

Mpendwa Dada Kadzo,

Hujambo huko Maskati? Na kile kikohozi cha viyoyozi, kimekuachilia sasa? Shemeji Morgan na watoto hali zao? Sisi huku tu wazima kwa uwezo wa Mungu, ila joto la mwezi huu halitupi pumzi, na maji ya mfereji huja yakipenda. Mama anakusalimu sana. Goti bado lamsumbua, lakini anakula vizuri, na ulimi wake wajua hauna ugonjwa.

Kwenye simu huwa nakwambia mambo ni sawa. Safari hii nimeona niandike, maana kwenye simu ungeanza kucheka, nami ningecheka nawe, na hili si la kucheka. Nimebanwa, dada. Nimebanwa na baiskeli.

Unakumbuka nilivyoanza. Tulipomaliza matanga ya baba, nawe begi lako liko mlangoni, uliniambia, "Ngowa, nakuachia baiskeli ya baba." Ile nyeusi ya breki za fito, aliyoendea kazi yake ya utarishi miaka yote. Niliifungua yote, nikaisugua kutu kwa msasa na mafuta ya taa, nikazunguka kwa wauza vyuma kuukuu karibu na Marikiti mpaka nikapata kengele ya namna yake. Siku gurudumu lilipozunguka bila kulia, nililia mimi. Sikuwahi kukwambia.

Basi nikanogewa. Nikatafuta nyingine, na nyingine. Kisha watu wa Mji wa Kale wakasikia kuna kijana wa bandarini anayefufua baiskeli za zamani, wakaanza kuniletea za wazee wao waliofariki. Mwanaesha wa Kibokoni alileta ya babake, Zaki akaleta ya babu yake, na wengine wakafuata. Kila mmoja akifika mlangoni husema neno lile lile ulilosema wewe: nakuachia. Nami kila nikilisikia nilielewa nimepewa.

Kumbe sivyo. Mama alipoanza kliniki na ikabidi ahamie kwetu, nilitaka kumpatia nafasi, nikampa mwenye mkahawa mmoja ile ya babake Mwanaesha, akaitundika ukutani. Sasa Mwanaesha ana desturi ya kuja kuitazama. Huipiga kengele, hunywa chai, huenda zake. Alipokuja akaikosa hakupandisha sauti. Alikaa kitini akaniambia, "Mimi nilikuachia, Ngowa. Nani alikwambia nimekupa?" Ilinibidi niende nikaiteremshe ukutani, wateja wakinitazama na vikombe mikononi, nikaisukuma mpaka nyumbani katika jua la adhuhuri.

Tangu hapo nimewauliza wenyewe wote. Wote waliziweka kwangu, hakuna aliyenipa. Nikiwaambia wazichukue, jibu ni moja: kwao hapana nafasi, na kwangu zimeshazoea. Kuuza siwezi, kuendesha hawataki, ati zitachakaa. Yaani kila Jumapili nafuta vumbi la wazee wa watu, na mimi mwenyewe naenda kazini kwa tuktuk. Zamani mikono ikinuka grisi nilijiona mtu. Siku hizi nikifungua mlango nikaona usukani umenielekea, natamani nirudi zangu bandarini.

Sasa nikwambie lililonishikisha kalamu. Alhamisi mimi na wifi yako Mwende tulikuwa kazini sote. Mama aliinuka kwenda msalani, akapita katikati ya baiskeli zilizojaa sebuleni, leso aliyojifunga ikanaswa na mnyororo, na kwa lile goti hakuweza kuinama ainasue. Mwende aliporudi jioni alimkuta amesimama pale pale, ameshika tandiko la baiskeli ya baba asianguke, miguu imevimba. Mwende akamuuliza kwa nini hakuivua leso akajinasua. Mama akasema chini alikuwa na shimizi tu, na hawezi kutembea vile nyumbani kwa mwanawe. Na mbona hukuivuta, mama? Akasema ingeraruka, na ni ile aliyoletewa na Kadzo.

Mimi nilipofika nikaelezwa, niliingia chooni nikafunga mlango. Niliona haya kutoka, dada. Mamangu kunaswa kama panya katika nyumba yangu.

Kwa hivyo nimeamua zitoke zote. Nilimwendea Mwanaesha nikamweleza habari ya leso. Akasema, "Ukitoa ya babako, nami nitachukua ya babangu." Zaki naye kasema hivyo hivyo. Wanataka nitangulie mimi, na wana haki. Siwezi kuwatolea wenzangu za kwao nami nikakumbatia yangu.

Hapo ndipo ninapokwama, kwa sababu sijui kama ni yangu. Nilimuuliza Mama. Akasema nikuulize wewe, wewe ndiwe uliyelisema neno.

Yuko Karisa, bawabu wa jengo letu. Hutembea kwa miguu kutoka Buxton kila alfajiri. Nataka nimpe yeye aiendeshe, ipate matope na michubuko. Baba hakuinunua ili itazamwe. Nitaumia ikitoka, sikufichi, maana ndiyo iliyonifunza kazi. Lakini naumia zaidi nikimwona Mama akipita upande upande, ameikusanya leso yake mkononi.

Basi niambie: siku ile ulinipa, au uliniwekesha? Tafadhali usinijibu niiweke tu mpaka uje. Hilo ndilo wanaloniambia wote.

Msalimie sana Shemeji Morgan. Uwabusu Stacy na Dancan, uwaambie nyanya yao huwataja kila akiketi kula. Mwende anakusalimu, na Mjomba Menza asema umemsahau. Mungu akutunze huko ugenini, akufungulie riziki, akurejeshe kwetu ungali na meno ya kutafunia mahamri.

Jambo hili nakuachia, dada. Na ukilinyamazia, mimi wajua ninavyoelewa: nitajua nimepewa.

Ndimi nduguyo akupendaye kwa dhati,
Ngowa